Mpaka wa Songwe Katika Vita vya 1914–1918

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya nchi kukaa tayari wakati wa vita, adui anapotazamiwa kuvuka mpaka. Mfano wetu tutauchukua katika mji wa Tunduma na mkoa wa Songwe, na ng'ambo yake katika nchi ambayo leo ni Zambia na Malawi. Hapo, tangu Agosti 1914 mpaka Novemba 1918, pande mbili zilikaa zikitazamana, kila upande ukimngojea mwenziwe avuke.

Watu wengi wakisikia kwamba nchi imejiweka tayari kwa vita, hufikiri bunduki na mizinga. Bunduki zilikuwako, nazo tutazitaja. Lakini mkitusikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba mpaka huu ulishikwa kwa unga zaidi kuliko risasi, na unga ule ulitoka katika vihenge vya wanavijiji, ukachukuliwa juu ya vichwa vyao.

Mpaka wenyewe

Kwanza yapasa tuseme jinsi mpaka ulivyopata kuwako, kwani wako wadhanio kwamba mipaka iliumbwa pamoja na milima. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walipatana huko Ulaya. Wakaandika kwamba mpaka utafuata mto Songwe unaoingia Ziwa Nyasa, kisha utakwenda hata Ziwa Tanganyika, kwenye mto Kalambo. Baina ya maziwa hayo palikuwa na njia iliyoitwa njia ya Stevenson, na Waingereza walitaka ibaki kwao. Basi mstari ukapitishwa kaskazini yake. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili walikuja kuitazama nchi na kuweka alama.

Wenyeji hawakuulizwa. Wanyamwanga wakakatwa mapande mawili. Kadhalika Wanyiha na Walambya. Mtu mwenye shamba lake upande huu na mjomba wake upande ule akawa amewekwa chini ya serikali moja, na mjomba chini ya nyingine. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwaudhi sana, kwani watu waliendelea kuozana na kuzikana kama zamani. Vita vilipokuja ndipo walipoujua uzito wa mstari ule.

Upande wa kusini, katika Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ilitawala kampuni ya British South Africa. Ilikuwa na boma la Fife, karibu na Tunduma, na boma la Abercorn, ambalo leo huitwa Mbala. Upande wa kaskazini Wadachi walikuwa na boma la Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu, na boma la Bismarckburg, ndiyo Kasanga, penye Ziwa Tanganyika.

Siku za kwanza

Vita vilipotangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914, hapana upande uliokuwa tayari. Rodesia ya Kaskazini haikuwa na jeshi, ila polisi waliofundishwa kazi ya askari. Wadachi walikuwa na kombania moja huko Masoko, karibu na Tukuyu. Mpaka wote baina ya maziwa mawili ulikuwa wazi kama uwanja.

Tazameni jinsi habari ilivyokuwa silaha ya kwanza. Katika Ziwa Nyasa kila upande ulikuwa na meli yake. Meli ya Wadachi iliitwa Hermann von Wissmann, nayo katikati ya Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo mahali paitwapo leo Liuli. Meli ya Waingereza, Guendolen, ikaja ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kidachi alistaajabu, kwani alikuwa bado hajapata habari kwamba kuna vita. Hivyo ziwa lote likawa la upande mmoja kwa sababu mmoja alipata habari mapema na mwingine hakupata.

Mwezi wa Septemba Wadachi walivuka mto Songwe wakaenda kuipiga Karonga, katika nchi ya Unyasa, ndiyo Malawi ya leo. Mapigano yalikuwa tarehe 9 Septemba 1914, nao walirudishwa nyuma. Siku hizo hizo walijaribu Abercorn, nako wakashindwa kuingia. Tangu hapo kila upande ukajua kwamba mwenziwe aweza kuja wakati wo wote. Mahandaki yakachimbwa, miti ikakatwa kuzunguka maboma ili adui asipate pa kujificha, na walinzi wakawekwa kwenye vivuko. Wabelgiji walileta askari kutoka Kongo kusaidia. Mwaka 1915 Wadachi chini ya Jenerali Wahle waliizingira ngome ya Saisi, iliyo upande wa Abercorn. Walianza tarehe 25 Julai, wakakaa wiki moja na zaidi, kisha wakaondoka, kwani waliokuwa ndani, polisi wa Rodesia pamoja na askari wa Kibelgiji, walikwisha chimba mahandaki yao mapema.

Hesabu ya unga

Sasa ninyi wanafunzi, chukueni kalamu, kwani twataka kufanya hesabu. Bila hesabu hii hamtaelewa vita vya mpakani.

Katika nchi hii hapakuwa na reli. Reli ya Rodesia ilikuwa mbali kusini, mwendo wa zaidi ya maili 400 kutoka Fife. Ng'ombe na punda hawakuweza kazi, kwani njia ilipita penye ndorobo. Basi mzigo ulichukuliwa na mtu. Tuseme mpagazi achukua ratili 50 za unga. Kila siku yeye mwenyewe ala ratili 2. Tuseme aenda maili 15 kwa siku, na njia ni maili 400. Atatembea siku 27. Katika siku hizo atakuwa amekula ratili 54. Haya, amefika bomani: mzigo umekwisha, naye bado adai ratili 4, wala hatujampa posho ya kurudia kwao.

Mwaona basi. Chakula kilichotoka mbali kiliweza kumlisha mpagazi tu, askari asingekiona. Kwa hiyo wakuu wa vita walitafuta njia nyingine. Mizigo ilipelekwa kwa mitumbwi katika maji ya Bangweulu na mto Chambeshi. Njia ya magari ikakatwa porini katika miaka ile ya vita. Lakini zaidi ya hayo yote, walikiendea chakula kilichokuwa karibu, yaani ulezi, mahindi, maharage na mihogo ya vijiji vya mpakani. Machifu walipewa agizo: mifuko kadha wa kadha ya unga, na vijana kadha wa kadha wa kuichukua. Wanawake walisaga mchana na usiku. Aliyekuwa na kihenge kilichojaa alijulikana, na aliyekificha alitafutwa.

Tena angalieni jambo moja ambalo maofisa wengi hawakulitia katika hesabu. Katika sehemu kubwa ya nchi ile ulezi hulimwa kwa kukata matawi ya miti, kuyakusanya na kuyachoma, ndipo mbegu hupandwa katika majivu. Kupanda juu ya miti na kukata matawi ni kazi ya wanaume. Wanaume wakiwa njiani na mizigo, matawi hayakatwi. Yasipokatwa, hakuna majivu. Na bila majivu hakuna ulezi mwaka ujao. Hivyo kila mfuko wa unga uliopelekwa bomani ulikuwa mfuko mmoja wa mwaka huu, na pengine mifuko miwili ya mwaka unaokuja. Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Walakini akiba ikiliwa pamoja na mbegu, na mkulima naye akichukuliwa, nini kitabaki?

Upande wa Wadachi

Upande wa kaskazini mambo yalikuwa namna moja, ila dhiki ilikuwa tofauti. Tangu Machi 1915 manowari za Waingereza zilifunga pwani yote ya Afrika ya Mashariki ya Kidachi, isiingie meli ya nguo wala dawa. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, na gavana, Heinrich Schnee, hawakupatana katika mambo mengi. Gavana alitumaini vita visifike katika koloni, kamanda alitaka kupigana. Lakini ilipokuwa hakuna budi, nchi nzima ilifanywa karakana. Huko Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu walitengeneza kwinini ya homa. Pamba ilisokotwa na kufumwa nguo kwa mikono. Manowari Königsberg ilipokwisha haribiwa katika Rufiji, Julai 1915, mizinga yake mikubwa ilitolewa majini, ikavutwa na watu katika njia za nchi kavu.

Nchi ya Tukuyu, yenye mvua na udongo mzuri, ilikuwa moja ya ghala za jeshi la Wadachi. Tarehe 25 Mei 1916 Jenerali Northey wa Waingereza alipovuka mpaka kwa njia kadha baina ya maziwa mawili, Tukuyu iliachwa katika muda wa siku chache. Waliopoteza boma walipoteza na ghala. Na wenyeji wa Mbozi, Ileje na Rungwe, ambao mpaka juzi walitoa chakula kwa Mdachi, wakaambiwa sasa watoe kwa Mwingereza. Kihenge ni kile kile, na mlango wake ni ule ule. Mgeni aliyebisha hodi ndiye aliyebadilika.

Adui alipokuja kweli

Baada ya hapo vita vilihamia mbali, Songea, Mahenge, Lindi, na mwishowe Msumbiji. Mpaka wa Tunduma ukadhaniwa umekwisha kazi. Askari wengi waliondolewa wakaenda mashariki kumfuata adui. Ndipo mwisho wa Septemba 1918 von Lettow-Vorbeck alipouvuka tena mto Ruvuma kurudi kaskazini. Akapita Songea na Ubena, akashika njia ya magharibi, akafika Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba 1918 akawa mbele ya Fife. Adui aliyefukuzwa miaka miwili na nusu alitokea kwenye mlango ule ule uliokwisha sahauliwa.

Fife ilikuwa na walinzi ndani ya mahandaki, hata kamanda alipoijaribu aliona kwamba kuivunja kutamgharimu watu wengi. Akaiacha, akashuka kusini. Kasama haikuwa na kinga ya kumzuia. Watu wake waliingia tarehe 9 Novemba. Huko Ulaya vita vilikoma tarehe 11 Novemba, lakini yeye hakujua. Habari ilimfikia kwenye mto Chambeshi siku mbili baadaye. Vita katika nchi hizi vilianza na nahodha asiyejua kwamba vimeanza, vikaisha na jenerali asiyejua kwamba vimekwisha. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, aliweka silaha chini pamoja na Wazungu 155 na askari wapatao 1,160, mbali ya wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi.

Gharama na aliyeilipa

Sasa tuulize: ni nani aliyelipa gharama ya mpaka huu?

Askari walikufa, nao wana sifa yao. Lakini kwa kila askari mmoja palikuwa na wapagazi kadha. Katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki wapagazi waliochukuliwa na pande zote huhesabiwa kuwa karibu milioni moja. Kwa upande wa Waingereza vitabu vya serikali viliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, nao wanahistoria wengi huona kwamba hesabu ya kweli hukaribia 100,000. Wachache wao waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, na homa, na baridi ya milimani, na unga usioiva vizuri ukaliwa na mtu aliyechoka. Katika Unyasa waliitwa tengatenga. Mjini Dar es Salaam jina la Kariakoo ni kumbukumbu yao, kwani latoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Vita vilipokwisha, ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918, ikawakuta watu wamekonda. Huko Ugogo njaa ya miaka ile iliua watu wengi hata ikapewa jina lake, Mtunya. Katika wilaya za Fife na Abercorn, mwaka 1918 na 1919, wahubiri wa Mnara wa Mlinzi, mmoja wao akiitwa Hanoc Sindano, walizunguka vijijini, na wengi waliowasikiliza wakakataa kutii machifu na maofisa. Walikamatwa, wakafungwa. Maofisa wengine walisema hii ni dini mpya tu. Lakini mtu aliyebebeshwa mzigo miaka minne kwa vita asivyovielewa, haishangazi akitafuta mahali pa kuutua.

Mambo matatu ya kujifunza

Basi, katika habari hii twaona mambo matatu, na twapenda myashike.

La kwanza, habari ni kinga. Aliyejua mapema aliokoka, na aliyechelewa kujua alipoteza meli, au aliendelea kuua na kuuawa baada ya amani. Nchi inayotaka kujilinda huwaambia watu wake ukweli, upesi, kwa lugha wanayoielewa.

La pili, ghala na njia hutangulia ngome. Handaki lisilo na chakula nyuma yake ni shimo tu. Nasi tuna mfano wa pili hapa hapa Tunduma kuonyesha kwamba somo hili lilifahamika. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wake, na katika muda wa wiki chache njia ya mafuta ya Zambia kutoka kusini ikakatika. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, tena katika pande nyingi imezungukwa na majirani wasioipenda. Mapipa ya mafuta yakaanza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na madereva wengi walipoteza maisha. Lakini safari hii Tanzania na Zambia hazikutegemea vichwa vya watu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi. Barabara ikatiwa lami. Na kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China, ikapita papo hapo Tunduma na Nakonde, ambapo zamani wapagazi walipita na unga wao.

La tatu, na ndilo kubwa, utayari usio na hiari ya watu ni deni. Mwaka 1914 hapana aliyemwuliza Mnyamwanga kama ataka vita na nduguye wa ng'ambo. Alitakiwa kutoa unga na mabega, akatoa, na serikali mbili zikaandika katika vitabu vyao kwamba mpaka umelindwa. Ulilindwa kweli, lakini na watu ambao mpaka huo uliwatenganisha, kwa chakula ambacho watoto wao walikosa baadaye. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nasi twaongeza kwamba mara nyingine nyasi ndizo zilizowalisha tembo hao hata wakapata nguvu za kupigana.

Leo mpaka u wapi? Mstari haukuondoka. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 ulipewa jina la mto ule ule. Malori husimama Tunduma foleni ndefu, na mwaka 2019 marais wa Tanzania na Zambia walifungua kituo cha pamoja cha forodha ili msafiri ahudumiwe mahali pamoja. Gari moja la leo huchukua unga ambao mwaka 1916 ungehitaji zaidi ya watu elfu moja kuubeba.

Kabla ya kuagana twawapa kazi ninyi wanafunzi, na ninyi wazazi muwasaidie. Majina ya majenerali mmeyasikia jioni hii, nayo yameandikwa katika vitabu vingi. Majina ya waliochukua mizigo hayakuandikwa, au yaliandikwa vibaya na makarani waliokuwa na haraka. Lakini katika nyumba nyingi za Mbozi, Momba na Ileje, na ng'ambo Nakonde na Isoka, yuko bibi au babu aliyesikia kwa baba yake kwamba fulani alikwenda na mzigo, asirudi. Ulizeni jina lake. Ulizeni alikwenda njia gani, na nani alimlimia shamba. Yaandikeni katika daftari, mlitie daftari hilo mahali pasipofika mchwa.

Wasikilizaji wetu, hapo ndipo mwisho wa mazungumzo ya leo. Kwaherini.